Tochi ya bastola ilimmulika mwanangu

SWALI: Shikamoo Afande. Nafuga kuku hapa Kibaha. Baada ya kuvunjiwa mara mbili niliomba leseni ya bastola, nikapata, na fundi akanifungia tochi ndogo chini ya mtutu. Wiki iliyopita, saa nane usiku, nikasikia kitu kimeanguka koridoni. Nikatoka, nikawasha. Alikuwa mwanangu wa miaka 16, kashika kikombe cha maji, mwanga umemjaa usoni. Tangu siku hiyo sina usingizi. Niitoe hiyo tochi?
Mfugaji, Kibaha

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Itoe, tena leo. Tochi ikifungwa kwenye silaha, unapomulika ndipo mtutu unapoelekea. Kwa hiyo ili umtambue mwanao ilibidi kwanza umlenge.

Tafuta tochi ya mkononi yenye kitufe nyuma, ile ya kubonyeza kwa dole gumba, ukiachia inazima. Mkono mmoja unamulika, mwingine umeshika bastola ikitazama chini, kidole kimenyooka nje ya triga. Hapo kwenye kidole sikubembelezi. Mtu aliyeshtuka akibana kitu kwa mkono wa kushoto, wa kulia nao hujikunja bila yeye kutaka. Nimefundisha makuruta miaka mingi. Nilikuwa nawapa silaha tupu na tochi, nazima taa, kisha napiga sahani chini. Tochi iliwaka, na papo hapo nasikia triga: kach! Kijana anaapa hakuigusa.

Koridoni usianzie usoni. Mulika dari. Dari nyeupe inarudisha mwanga chini, unamwona mtu mzima: sura, mikono, alichoshika. Jihadhari na kioo cha kabati na ukuta mweupe wa karibu, vitakurudishia mwanga machoni ubaki kipofu, na macho huchukua karibu nusu saa kulizoea giza sawasawa. Jioni moja fungia bastola kwenye kasha lake, zima taa, uzunguke nyumba yako na tochi peke yake. Utajua ni kona ipi inakuumiza.

Ila kabla ya tochi kuna swichi ya ukutani, na kabla ya swichi kuna mdomo: "Nani hapo?" Mwanao angeitika. Wengine hunijibu kwamba mwizi akisikia atakimbia. Akimbie!

Unakumbuka ya Oscar Pistorius, yule mkimbiaji wa Afrika Kusini? Alfajiri ya Februari 14, 2013, alipiga risasi 4 kupitia mlango wa choo uliofungwa. Alisema alidhani ni mwizi. Ndani alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Rufaa ilimtia hatiani kwa mauaji, na ikasema haijalishi alidhani ni nani aliyekuwa nyuma ya mlango. Hilo la kutojalisha ndilo ninalotaka ulale nalo.

Kwa hiyo usiku mwingine usitoke kuwinda kelele. Hesabu kwanza watu wako, wakusanye chumba kimoja, jifungie, piga 112. Tochi iwe kando ya kitanda na betri mpya; ya simu usiitegemee, kidole chenye jasho hakifungui skrini.

Na huyo kijana kaa naye. Mweleze ulichokiona usiku ule, usimfiche. Kisha mkubaliane: akiamka kunywa maji, awashe taa ya koridoni.