Kabla hujamwambia mtu "imechanika"

Jumanne asubuhi nilipita chumba cha ultrasaundi nikamkuta intani wetu mpya amekiinamia kisigino cha mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi, hapa Kigoma. Kwenye skrini kulikuwa na doa jeusi, pale pale fashia ya unyayo, ule utando mgumu wa chini ya mguu, inaposhikana na mfupa. Akageuka huku macho yanamng'aa: "Kaka, imechanika!" Mama wa watu anasikia. Nilimtoa nje kwa kisingizio cha chai. Huyo ni wa tatu kukosea hivi tangu mwaka uanze, wadogo zangu, na wa kwanza kabisa nilikuwa mimi. Ndiyo maana naandika.

1. Acheni kuidharau fashia. Kizazi chetu kilisoma anatomia kwenye maiti za fomalini, utando wote umekakamaa kama turubai, na kazi ya kwanza ilikuwa kuukwangua na kuutupa ndooni ili tuone "kitu chenyewe". Wakati sisi tunajaza ndoo, kule Padova, Italia, kuna watu walikuwa wanauweka chini ya hadubini. Mwaka 2018 Carla Stecco na wenzake wakaeleza seli walizoziita fashiasaiti, zinazotengeneza hayaluronani, ule utelezi unaoliwezesha tabaka moja kupita juu ya jingine bila kukwaruzana.

2. Acheni pia kuitukuza. Nawasikia mkiwaambia wagonjwa, "Hapa navunja fashia iliyoganda." Unavunja kwa nini, bwana, kwa dole gumba? Mwaka 2008 Chaudhry na wenzake walipiga hesabu, wakaona kuwa kuibana fashia ya unyayo au ya paja kwa asilimia 1 tu kunahitaji nguvu iliyo nje ya kawaida ya mwili wa mtu. Mgonjwa anapata nafuu, sikatai. Ila sababu itafuteni kwingine, mkianzia kwenye mishipa ya fahamu.

3. Probu, kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi. Hapa mnivumilie.

Nilikuwa nakusanya data za tasnifu. Swali langu lilikuwa jepesi: je, wachukuzi wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, wana fashia nene ya unyayo kuliko watu wanaoshinda wamekaa? Kibali ninacho, fomu za ridhaa ninazo, mashine ya kubebeka nimeazima. Nilishasoma kazi ya Helene Langevin na wenzake kule Marekani, ya mwaka 2009: watu 107, na waliokuwa na maumivu ya mgongo ya muda mrefu, tishu unganishi inayozunguka misuli ya mgongo ilikuwa nene kwa kama asilimia 25 zaidi ya wenzao. Nikajiona na mimi nimekaribia kuandikwa.

Akaja mzee mmoja mbeba magunia ya dagaa. Visigino vyake vina magaga ya kumeza sarafu. Jeli nilikuwa naibania, chupa imebaki robo na nyingine iko njiani kutoka Dar. Picha ikawa mbovu, basi nikakandamiza. Nikakandamiza tena, mkono ukaenda upande. Doa jeusi likatokea. Nikapima unene wa fashia: milimita 5.1, na sote tunajua kwamba ikizidi 4 tunaanza kukunja uso.

Nikamwambia, "Mzee, utando wa unyayo umechanika. Usibebe tena."

Akaniuliza taratibu, "Umechanika kama shati au kama wavu?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Kama wavu."

"Basi utashonwa."

"Huu haushonwi, mzee."

Aliondoka anachechemea, na alipoingia alikuwa anatembea vizuri kabisa. Hilo sikuliona siku ile. Nililiona baadaye niliporudia fomu yake: kwenye swali la maumivu alijibu "hapana". Alikuwa kundi la wasio na maumivu. Alikuja kupimwa kwa sababu tuligawa soda.

Wiki sita baadaye msimamizi wangu alishuka na treni kuangalia kazi. Akaomba aone mgonjwa mmoja kwa macho yake, na mimi kwa majivuno nikampeleka kwa mzee. Tulimkuta amekaa nje na fimbo. Nafasi yake mwaloni imeshachukuliwa na kijana, nyumba inaendeshwa na mihogo ya mkewe.

Msimamizi hakusema kitu. Aliomba beseni la maji ya uvuguvugu, akaloweka kisigino mpaka magaga yakalainika. Akamimina jeli kama anamimina uji. Probu akaiweka bila kuikandamiza, ikae kwa uzito wake tu. Doa likaja, jeusi vile vile. Kisha akainamisha kiganja kidogo sana kuelekea vidoleni, na lile doa likajaa mistari myeupe, mmoja mmoja, mpaka likaisha. Akarudisha mkono, giza. Akainamisha, mwanga. Alirudia mara nne, na nadhani mara tatu zilikuwa zangu.

"Hili si tundu," akasema. "Hii ni pembe ya mkono wako."

Ndiyo anisotropia tuliyoijibia mtihani. Nyuzi za kolajeni zinazoijenga fashia zimelala sambamba. Mawimbi ya sauti ya mashine yakizipiga wima yanarudi kwenye probu na zinaonekana nyeupe, yakizipiga kwa mshazari yanakimbilia kwingine na pale panabaki peusi. Pale kisiginoni nyuzi zinapinda kufuata mfupa, kwa hiyo mtego uko tayari kabla hujafika. Na ile 5.1? Nilipima kwa mshazari. Wima ilikuwa 3.8.

Nikamweleza mzee kwamba mguu wake ni mzima. Akanitazama kwa muda. "Sasa nimwamini daktari yupi, wewe wa kwanza au wewe wa pili?" Aliendelea kuchechemea kwa miezi. Vipimo vya watu 31 nilivifuta usiku ule, na hivyo havikuniuma hata kidogo.

4. Haya mengine ni ya haraka: loweka kisigino, jeli usiibanie, pima miguu yote miwili, pima mara tatu, na anayepima asijue nani ana maumivu.

5. Ukimaliza kupima, nyamaza. Juzi baada ya chai nilimrudisha intani chumbani, nikamshika kiganja, tukainamisha pamoja. Doa likajaa weupe. Kijana akashusha pumzi. Nikamwambia mama kisigino chake hakijachanika popote, tutamfundisha kunyoosha nyayo na ataendelea na biashara yake.

Mama akavaa kandambili, akamwangalia kijana juu mpaka chini. "Na huyu aliyepiga kelele, yeye mnamtibu na nini?"