Kipara chini ya mtandio

Nilikuwa na umri wa miaka 12 mama aliponifumua nywele usiku wa kuamkia Idi, nyumbani kwetu Lamu, akaona kipara utosini. Yeye alidhani ni mapunye, bibi akasema ni jicho la watu. Nilipakwa dawa, nikasomewa, nami nikanyamaza, ilhali nilijua kwamba kila nikishika kitabu mkono wangu hupanda wenyewe kichwani, ukautafuta unywele mmoja mgumu kuliko mwingine, ukauzungusha kidoleni na kuung'oa. Mtandio ulinisitiri miaka tisa.

Ndiyo maana nawaomba wazazi wapitishe vidole penye kipara kabla ya kununua dawa. Mapunye aghalabu huacha magamba, na misuko ya kubana huanza kula nywele za pembezoni mwa uso. Upara unaozuka wenyewe mara nyingi huwa mviringo na ngozi yake laini. Penye kung'olewa, mipaka haieleweki, na nywele zilizobaki hazilingani: ndefu, fupi, nyingine zikichoma kama ndevu zilizonyolewa juzi. Tazameni pia nyusi na kope.

Daktari aliyenitambua aliikagua ngozi kwanza, ili asije akaupuuza ugonjwa mwingine. Kisha akaniuliza kama nang'oa mara kwa mara hata nywele zikapungua, kama nimejaribu kuacha nikashindwa, na kama jambo hilo linanitesa au kunizuia kufanya shughuli zangu. Akauliza pia, bila kushangaa, kama huwa nazimeza, kwa kuwa nywele zinazomezwa huweza kufungamana tumboni na kuziba njia ya chakula. Anayezimeza, akiumwa na tumbo au akitapika, asicheleweshwe hospitalini. Hapo nililia. Sikuwahi kudhani kwamba kuna mtu anayeyajua maswali hayo, wala kwamba tabibu Mfaransa, Hallopeau, aliupa ugonjwa huu jina la trikotilomania tangu mwaka 1889.

Matibabu yake makubwa ni kufunzwa kuitambua saa ya hatari na kuupa mkono kazi nyingine. Mimi huchukua miyaa nikasuka ukili. Nywele zimeota, ingawa wiki za mitihani bado ni ngumu.

Msimpige mtoto mkono, wala msimnyoe kwa kumwadhibu. Mama siku hizi hunichana taratibu, akifika utosini huniuliza, “Mwanangu, wiki hii mkono ulikuwaje?” nami humwambia kweli.