Maswali ya Wasomaji: Kupiga Picha za Viumbe Walio Ndani ya Tone la Maji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari hapa Nakuru. Huwa naiweka simu yangu juu ya lenzi ya jicho ya hadubini ya shule na kupiga picha, ili darasa zima lione kwa pamoja kile ambacho kila mwanafunzi angelazimika kusubiri zamu yake kukiona. Picha zinatoka na kiduara kidogo cha mwanga kilichozungukwa na giza. Nikihamia lenzi ya 40, yaani ile inayokuza mara 40, kila kitu kinakuwa kama kimefunikwa na ukungu, na viumbe wenyewe hawatulii hata kidogo. Je, nibadilishe simu au nitafute hadubini nyingine?
*Mwalimu, Nakuru*

JIBU: Mwalimu, usinunue chochote kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, vyote viwili ulivyo navyo vinatosha.

Tuanze na kile kiduara. Mwanga unaotoka kwenye lenzi ya jicho hukusanyika mahali fulani juu ya kioo, kisha hutawanyika tena; hapo ndipo mboni ya jicho hukaa mtu anapochungulia, na hapo hapo ndipo lenzi ya simu inapotakiwa kukaa. Washa taa ya hadubini, shika kipande cha karatasi nyeupe juu ya lenzi ya jicho, kisha kipandishe polepole. Utaona duara la mwanga likisinyaa hadi kuwa doa dogo lenye kingo zilizokatika vizuri, halafu likianza kupanuka upya. Pima kimo cha doa hilo, ambacho mara nyingi huwa sentimita moja au mbili, utengeneze bomba fupi la karatasi ngumu lenye kimo hicho, na simu ilale juu yake. Iwapo giza bado linaonekana pembeni, punguza bomba kidogo kidogo. Iache kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde chache, kwa sababu mguso wa kidole tu huitikisa hadubini nzima.

Kuhusu ukungu, nina swali: je, mnalifunika tone kwa kile kioo chembamba? Shule nyingi huacha kukitumia kwa sababu huvunjika na kupotea, lakini lenzi ya 40 imeundwa kwa hesabu kwamba kioo hicho kipo. Tazama ubavuni mwake, na huenda ukakuta pameandikwa 0.17, yaani unene wa kioo kwa milimita. Bila kioo hicho, au tone likiwa nene mno, lenzi haiwezi kutoa picha safi hata mngekuwa na kamera ya bei gani. Sababu nyingine ya kawaida ni mafuta ya lenzi ya 100 kuigusa lenzi ya 40 wakati wa kuzungusha, yakakaukia pale. Yasafishe kwa karatasi maalumu ya lenzi, wala si kwa shati.

Kisha kuna mwanga wenyewe, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi, kwa kuwa naamini picha ya hadubini hupatikana au hupotea chini ya jukwaa kabla kamera haijaguswa. Chini ya jukwaa kuna kondensa, yaani lenzi inayokusanya mwanga, yenye kiwambo, tundu linaloweza kupanuliwa au kubanwa; wengi hukibana kiwambo hicho ili kiumbe aonekane mweusi zaidi, na matokeo yake ni mistari minene ya uongo kuzunguka kila ukingo. Ng'oa lenzi ya jicho, chungulia ndani ya bomba la hadubini, na ufungue kiwambo mpaka mwanga ujaze takriban robo tatu ya duara unaloliona. Rudisha lenzi, na kama mwanga unaumiza macho, punguza taa bila kukigusa kiwambo tena. Kila ukibadilisha lenzi, rudia zoezi hili.

Ama viumbe kutotulia, hesabu ndogo itakuonyesha ugumu ulipo. Paramesiamu, kiumbe wa seli moja, ana urefu wa milimita 0.2 hadi 0.3 na huogelea karibu milimita moja kwa sekunde, ilhali katika hadubini nyingi za shule lenzi ya 40 huonyesha eneo lisilofika nusu milimita. Kwa hiyo anapita mbele yako kabla hujavuta pumzi! Mfuate kwa lenzi ya 10, ambayo eneo lake ni pana mara nne, rekodi video, kisha chagua fremu iliyo bora. Unaweza pia kuweka nyuzi chache za pamba ndani ya tone ziwe kama vichochoro vya kumzuia, au kugusisha ncha ya tishu kwenye ukingo wa kioo ili inyonye maji kidogo na kumbana. Fanya hivyo kwa huruma, kwani maji yakizidi kupungua kiumbe hupasuka.

Ninyi wa Nakuru mna bahati ambayo ningeitamani. Katika maziwa ya magadi ya eneo lenu, likiwamo Bogoria, huishi Arthrospira, ambao wengi huwaita spirulina na ambao ni chakula kikuu cha flamingo wa aina ndogo. Ni nyuzi za kijani zilizojisokota kama springi, hazikimbii, na lenzi ya 10 huzionyesha vizuri. Ombeni ruhusa ya wasimamizi wa hifadhi kabla ya kuchota maji, kisha mwanze na hizo kabla ya kuhangaika na paramesiamu.

SWALI: Nimeona picha ambazo viumbe wanang'aa juu ya weusi mtupu. Zinapigwaje? Maji yangu huwa nayachota ufukweni mwa Ziwa Victoria.
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Kata kiduara cha karatasi nyeusi chenye upana wa milimita 15 hivi, ukibandike katikati ya plastiki angavu, na ukiweke chini ya kondensa huku kiwambo kikiwa wazi kabisa. Mwanga wa moja kwa moja unazibwa, ule wa pembeni unapita kwa mshazari, na kinachoingia kwenye lenzi ni ule tu uliogonga mwili wa kiumbe. Ongeza au punguza upana wa kiduara mpaka weusi ukolee. Njia hii inafaa kwa lenzi za 4 na 10. Jaribu kwa dafnia, yule mdudu mdogo wa majini aitwaye pia kiroboto-maji, ukiweka chembe ya vaselini kwenye kila pembe ya kioo cha juu ili kisimponde. Utauona moyo wake ukipiga mgongoni, kwa kuwa mwili wake hupitisha mwanga.

Nakusihi, hata hivyo, usiingie majini. Viluwiluwi wa kichocho hutoka kwa konokono na kupenya ngozi hata isiyo na jeraha, na ufukwe wenye majani ndipo konokono hao wanapopenda kuishi. Tumia ndoo yenye kamba, vaa glavu za mpira, na usichovye vidole kwenye chupa.

SWALI: Naandika chini ya picha zangu "imekuzwa mara 400", lakini rafiki yangu anasema si kweli. Nani yuko sahihi?
*Kijana, Tanga*

JIBU: Rafiki yako. Mara 400 ni kwa jicho lililo kwenye hadubini. Picha ikishafika kwenye simu, kisha kwenye skrini ya mtu mwingine au kwenye karatasi, ukubwa wake hubadilika kila mara. Piga picha ya rula angavu ya plastiki kwa lenzi ya 4 au ya 10, bila kukuza kwa simu, uone milimita moja inachukua upana gani wa picha. Kwa lenzi ya 40, zidisha upana uliopata kwa lenzi ya 10 mara nne. Kisha chora kwenye picha yako mstari mfupi na uandike urefu wake, kwa mfano milimita 0.1. Mstari huo utakua na kupungua pamoja na picha, na popote itakapochapishwa msomaji ataweza kumpima kiumbe mwenyewe.