Barua kwa Mwanangu Kuhusu Sinki Moja

Mwanangu mpendwa,

Unauliza kama sinki moja la chumba ulichopanga Nairobi litatosha kwa vyombo vya nyama na vya maziwa, maana sisi Wayahudi hatuchanganyi nyama na maziwa wala vyombo vyake. Nitafika huko, ila swali lako limenikumbusha chungu cha nyanya yako.

Kisa unakijua, ingawa ulikuwa mdogo. Shangazi yako, ambaye si wa imani yetu, alitutembelea nyumbani kwetu Kasuku, akakuta sufuria zote zina kazi, akachemshia maziwa ya chai katika chungu tulichopikia mbuzi asubuhi ile ile. Nyanya hakusema neno. Alikitoa uani akakivunja, mgeni akitazama. Torati yaamuru kwamba chombo cha udongo kilichotokosewa sadaka ya dhambi kivunjwe, na cha shaba kisuguliwe na kusuuzwa, na kwa msingi huo walimu wetu husema kuwa udongo ukishanyonya hausafishiki, ilhali sufuria ya chuma ingewekwa kando siku nzima bila kupikiwa, kisha ikazamishwa katika maji yanayochemka. Basi nyanya alikuwa na haki. Lakini je, hakuweza kungoja shangazi aondoke? Najua angenijibu kwamba chungu kinachongojewa ndicho kinachopikiwa tena kesho, na huenda angesema kweli. Hata hivyo shangazi hakunywa tena chai kwetu, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Nimekwambia mara nyingi, nami narudia: kinachotenganisha nyama na maziwa ni mazoea ya mkono, wala si wingi wa vyombo. Nimeona majiko yenye sinki mbili ambamo kijiko kimoja kinazurura kote.

Kwa hiyo nunua beseni mbili, nyekundu ya nyama na ya buluu ya maziwa, uoshee humo, usiweke sahani moja kwa moja ndani ya sinki, na sifongo na vitambaa viwe mbalimbali pia. Sinki likiwa la chuma, huweza kusafishwa kwa kumiminiwa maji yanayochemka. Likiwa la kauri, huhesabiwa kama udongo. Mdomo unaniwasha nikwambie kwamba linatosha, maana kwa beseni naona linatosha kabisa, lakini mimi si rabi. Muulize yule wa sinagogi la Nairobi, umweleze limetengenezwa kwa nini na nani alilitumia kabla yako.

Mama yako