Kumuuzia rafiki bunduki moja kulinichukua karibu mwezi mzima: jibu kwa mtoto wa kaka

Mwanangu, juzi kwenye kundi la familia uliandika: "Baba mdogo, huku tunaambiwa Marekani bunduki inauzwa kama mkaa, nawe unasema umehangaika mwezi mzima kumuuzia mtu mmoja. Tushike lipi?" Shangazi yako akauliza kama nimeingia matatani na polisi. Nilikuwa kazini, na jibu lenyewe si la mstari mmoja. Nimekaa leo nikuandikie lote, kwa sababu mwezi wa tatu unakuja huku na grini kadi yako, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, na wenzako wengi wananiuliza hayo hayo.

Sijaingia matatani. Niliuza bunduki ya marisau, ile niliyokuwa nawindia bata, kwa rafiki yangu Mkongo, mtu wa Bukavu, tunayefanya naye kazi kwenye maghala ya hapa Kent, kusini mwa Seattle, jimbo la Washington. Dola 280. Tulipatana bei mwanzoni mwa Novemba 2024, wakati wa mapumziko, kwa dakika tano. Aliipata mkononi Jumamosi tarehe 7 Desemba.

Mnachosikia huko nyumbani si uongo, ila Marekani kwa jambo hili ni nchi nyingi ndani ya nchi moja. Sheria ya taifa zima inambana muuza silaha mwenye leseni: tangu Novemba 1998, kabla hajamkabidhi mteja silaha, rekodi za mteja huyo zinachunguzwa kwenye mfumo wa FBI. Lakini mtu wa kawaida anayemuuzia mkazi mwenzake wa jimbo hilo hilo, sheria hiyo haimlazimishi kupita dukani. Idaho, jirani zetu wa mashariki, mambo yanaishia hapo. Wakazi wawili wa Idaho wanaweza kukutana, wakapeana pesa na bunduki, kila mmoja akaenda zake, mradi muuzaji hana sababu ya kuamini kwamba mwenzake amekatazwa kumiliki silaha. Hiyo ndiyo mnayoiona kwenye video. Sisi wa jimbo la Washington tuna sheria nyingine, iliyopitishwa kwa kura ya wananchi Novemba 2014 na kuanza Desemba ileile. Mkiuziana, mkipeana, hata mkiazimana, nendeni kwa muuza silaha mwenye leseni amchunguze anayepokea, kana kwamba bunduki imetoka kwenye rafu yake mwenyewe.

Ukisikia hivyo unaona jambo jepesi. Nami niliona hivyo.

Duka la kwanza waliniambia hawafanyi kazi hiyo kwa watu binafsi. Sheria inatulazimisha sisi kwenda kwa muuza duka, lakini haimlazimishi yeye kutupokea. Nikijiweka mahali pake namwelewa. Bunduki hakuiuza yeye, faida hana, lakini lazima aiandike kwenye daftari lake, atunze karatasi zetu kwa miaka, na wakaguzi wa serikali wakija wakakuta kosa, leseni inayotikiswa ni yake. Duka la pili wanafanya kwa miadi tu, katikati ya wiki, mwisho saa kumi na moja jioni. La tatu walikubali kwa dola 50, juu yake dola 18 za jimbo kwa ajili ya uchunguzi. Ada ya duka haina kiwango kimoja hapa. Jimbo la Colorado, sheria yao ya 2013 iliweka mwisho dola 10, na matokeo yake wenye maduka wengine hawaoni sababu ya kujisumbua. Huku kwetu kila duka lina bei yake, na wewe unapiga simu moja baada ya nyingine wakati wa mapumziko ya chakula, umesimama kwenye baridi.

Hapo ndipo nataka uelewe maisha ya huku yalivyo, maana hili haliwezi kuonekana kwenye picha ninazotuma. Mimi nalipwa kwa saa. Saa nisiyofanya kazi haipo kwenye malipo. Isitoshe, ghalani kwetu kuna pointi: ukichelewa unapata, ukiondoka mapema unapata, zikijaa unafukuzwa. Mtu wa ofisini anayeomba ruhusa ya nusu siku, hiyo safari ya dukani kwake ni usumbufu mdogo. Kwangu na kwa rafiki yangu kila safari ilikuwa mshahara uliokatwa, tena wa watu wawili.

Tulikwenda Jumanne tarehe 12 Novemba. Tayari rafiki yangu alikuwa na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha, kisichozidi miaka mitano, kwa sababu tangu Januari 2024 huwezi kupokea bunduki ya aina yoyote kwa njia hii bila hicho. Mafunzo aliyafanya kwenye intaneti kwa Kiingereza, naye Kifaransa ndiyo lugha yake ya shule, kwa hiyo alikesha nayo usiku mbili. Tulidhani tumekamilika. Muuza duka akatazama leseni ya udereva, akauliza, "Bado unaishi hapa?" Rafiki yangu akajibu ukweli: hapana, nilihama Tukwila miezi minne iliyopita. Basi, imeishia hapo. Kitambulisho lazima kionyeshe unapoishi sasa, au uwe na hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kama usajili wa gari. Bili ya umeme haikubaliki. Tulirudi mikono mitupu, yeye akiwa amepoteza saa nne na mimi saa nne.

Wiki iliyofuata, tarehe 19, tulikwenda na usajili wa gari uliosahihishwa. Ndipo akapewa fomu, inaitwa 4473, na ndiyo hiyo hiyo nchi nzima. Tulisoma pamoja, neno kwa neno, mimi nikimtafsiria palipokuwa pagumu. Inauliza kama wewe ndiye mnunuzi wa kweli. Kama umewahi kupatikana na kosa kubwa la jinai. Kama uko chini ya amri ya mahakama inayokukataza kumsumbua au kumtishia mwenza wako. Kama unatumia bangi, na hapo wameandika kabisa kwamba hata jimbo lako likiruhusu, sheria ya taifa hairuhusu. (Wewe kijana hiyo uishike, maana utakuta maduka ya bangi yenye taa na mabango, na hakuna atakayekuonya.) Inauliza wewe ni raia wa nchi gani, na asiye raia anajaza namba yake ya uhamiaji. Kuna swali la kama umewahi kufukuzwa jeshini kwa fedheha. Wanaulizia jeshi la Marekani, lakini alipolisoma aliweka kalamu chini. Aliondoka Kivu akiwa kijana wa miaka kumi na sita, akikimbia watu wenye bunduki waliotaka kumchukua kwa nguvu. Akakaa kimya, kisha akaniambia polepole, "Kaka, hawa batu banatuchokesha." Akaichukua kalamu akaendelea.

Majina nayo ni shida yetu sote. Jibu la mfumo linaweza kuwa endelea, kataa, au subiri, na "subiri" mara nyingi humpata mtu ambaye jina lake linafanana na la mwingine mwenye rekodi. Fikiria akina Juma Hassan na Mohamed Ali wako wangapi. Namba ya hifadhi ya jamii kwenye fomu si lazima uijaze, lakini mimi nakushauri uijaze, kwa sababu ndiyo inayokutofautisha na mwenzako wa jina moja.

Kisha siku kumi za kazi za kungoja, sharti jingine la jimbo tangu Januari 2024. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, na kwetu Sikukuu ya Shukrani ikaangukia katikati. Muda wote huo bunduki ilikuwa dukani, imeandikwa kwenye daftari la mtu mwingine. Si yangu kuichukua, si yake kuitumia. Na kama angekataliwa, mimi mwenyewe ningechunguzwa upya ndipo nirudishiwe mali yangu, kwa kuwa nilikuwa nimeiacha pale na kuondoka. Msimu wa bata upande huu ulifunguliwa Oktoba. Karibu miezi miwili ikawa imepita.

Ukijumlisha, dola 68 za duka na jimbo, na saa zetu nane za safari ya kwanza peke yake, bila kuhesabu ya pili, zinazidi nusu ya bei ya bunduki yenyewe.

Sasa utauliza, kama alivyouliza kaka yako kwenye kundi: si mngepeana tu kimya kimya, nani angejua? Mwanangu, hapa nisikilize kuliko mahali pengine pote. Kwa sheria ya Washington, ukiruka duka kwa makusudi mara ya kwanza ni kosa linaloweza kukupeleka jela karibu mwaka mmoja. Mara ya pili ni kosa kubwa la jinai. Mmarekani akipatikana na hatia anatumikia adhabu yake, akitoka anarudi nyumbani kwake. Mimi na rafiki yangu bado tuna grini kadi, na sheria ya uhamiaji inasema mgeni akitiwa hatiani kwa kununua, kuuza au kumiliki silaha kinyume cha sheria anaweza kurudishwa kwao. Miaka yangu kumi na mbili hapa, watoto wawili wanaosoma, nyumba ya mama yenu ninayoijenga Manyoni kwa mchanga wa lori moja moja, vyote ningevining'iniza kwenye bunduki ya dola 280. Rafiki yangu yeye hana hata mahali pa kurudishwa panapokalika. Ndiyo maana tulikubali kupoteza saa zetu, na ningekubali tena kesho.

Kuna jambo jingine linalowapata wenzetu. Utafika, utajuana na watu, na siku moja mmoja atakuomba umnunulie bunduki kwa jina lako kwa sababu yeye hana karatasi au ana kesi. Atakuita ndugu. Kataa. Tangu 2022 kuna sheria ya taifa inayoweza kumfunga anayemnunulia mwingine hivyo hadi miaka kumi na mitano, na hakimu hatauliza mlikuwa mnakaa mtaa mmoja Singida.

Neno hilo "ndugu" lenyewe sheria imelipima. Zawadi au azimo la bunduki ndani ya familia halihitaji kupita dukani, nayo imewataja: mume na mke, wazazi, wakwe, watoto, kaka na dada, mashemeji, babu na bibi, wajukuu, wapwa, shangazi, wajomba, na binamu wa kwanza. Inakoma hapo. Wewe umo, kwa kuwa kwao mtoto wa kaka na mtoto wa dada ni mamoja. Mtoto wa binamu yangu, ambaye kwetu ni mwanangu kabisa, hayumo. Na ni zawadi ya kweli tu. Tukipeana pesa ni mauzo, twende dukani hata kama wewe ni mwanangu. Mwaka 2019 nilipokuja kumzika baba nilitaka kumwachia bunduki jirani yangu kwa wiki sita, mtu ninayemwamini kwa watoto wangu. Ningelazimika kwenda naye dukani kumkabidhi, na kwenda tena dukani kuichukua. Niliifungia kwenye kabati la chuma, funguo nikaja nazo Manyoni mfukoni.

Hata hivyo siwezi kukuambia sheria hii ni ya kipuuzi. Babu yako alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe mwitu shambani, na kibali chake kilianzia serikali ya kijiji. Watu waliomjua walikaa wakaulizana kama ni mtu wa kupewa. Huku hakuna anayekujua. Kinachokujua ni rekodi. Na rekodi ikikosekana, watu wanakufa. Oktoba 2014, siku kumi na moja kabla ya kura ile, mwanafunzi wa sekondari ya Marysville, kaskazini mwa Seattle, aliwaua wenzake wanne kisha akajiua. Bastola ilikuwa ya baba yake, aliyeinunua dukani na kuchunguzwa. Baba huyo alikuwa na amri ya mahakama ya kabila lao, la wenyeji asilia wa Marekani, inayomzuia kumiliki silaha, lakini amri hiyo haikuwa imeingizwa kwenye mfumo. Kwa hiyo mtu akiniambia nisubiri wahakikishe, nasubiri.

Ninachokilalamikia ni mzigo kuachiwa mwenye duka asiyeutaka na mfanyakazi asiye na saa za kupoteza. Kama serikali inataka tuchunguzwe, na ni haki yake, ifungue dirisha kwenye kituo cha polisi, Jumamosi na jioni, kwa ada moja inayojulikana. Watu wengi wanaoruka duka si wahalifu. Ni watu waliopiga simu tatu, wakakataliwa, wakachoka.

Wewe ukifika, cha kwanza tutakachofuata ni leseni ya udereva yenye anwani ya hapa nyumbani, na ukihama tu unaibadilisha wiki hiyo hiyo. Mambo ya bunduki tutayazungumza ukishamaliza mafunzo, tena tukiwa tumekaa wawili, si kwenye kundi.