Samaki gani waongezwe kwenye tangi la matumbawe la lita 200

Ndugu, tangi lako lina matumbawe laini na samaki wawili wa anemoni, nawe unauliza kama uongeze samaki aina ya kangaja wa manjano, kipepeo au mandarini. Mimi ningewaacha wote watatu dukani. Kangaja hukua hadi sentimita 20 na hushinda akiogelea. Kwenye lita 200 atabanwa na kuanza ukali. Vipepeo wengi hudonoa matumbawe. Mandarini ndiye anayeniuma zaidi, maana ni mzuri mno, lakini hula vijidudu hai vya kwenye mawe. Akivimaliza, hukonda taratibu hata kama chakula cha kopo kimejaa.

Mtafute grama, yule wa Karibi mwenye zambarau mbele na manjano nyuma. Hazidi sana sentimita 8 na hasumbui matumbawe. Gobi mdogo pia anafaa, ila funika tangi kwa wavu, huruka hao.

Dukani, mwombe muuzaji amlishe samaki ukiwa unaangalia. Asiyekula usimnunue. Tazama tumbo nyuma ya kichwa: likiwa limebonyea, ana njaa ya muda mrefu. Anayehema kwa kasi, mwache.

Ukifika nyumbani, tafadhali mtenge kwenye tangi dogo kwa wiki 4 hadi 6. Ugonjwa wa madoa meupe ukiingia tangi kuu ni taabu kubwa, kwani dawa ya shaba huua kamba na matumbawe. Halafu ongeza mmoja mmoja, mpole kwanza, ukipima amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kila baada ya siku chache.