Maswali na majibu: Nani kakwambia shujaa ni rubani peke yake?

Juzi niligusia ile chopa ya Wamarekani iliyotua My Lai, Vietnam, tarehe 16 Machi 1968, watu wake watatu wakaokoa raia waliokuwa wanauawa na wanajeshi wa Marekani hao hao, basi simu haijapoa mpaka leo. Najibu machache.

Glenn Andreotta ndo alikuwa rubani? (Ngamiani)
Hapana. Rubani ni Hugh Thompson, na hili nishalijibu mara tatu, jamani muwe mnasoma. Andreotta alikuwa fundi wa chopa anayeruka nayo, Lawrence Colburn ndo wa bunduki ya mlangoni. Chopa yenyewe, aina ya OH-23, ni kichopa cha watu watatu, wa nne hayupo.

Sasa kama hakurusha, ushujaa wake uko wapi? (Chumbageni)
Ndo ugonjwa wetu huu. Jahazi likifika Pemba salama nahodha anapewa mkono, baharia aliyekesha anatoa maji kwa kopo hata chai haonjeshwi. Haya sikiliza. Kule chini wanajeshi wa Marekani walikuwa wanaua wanakijiji, wazee, wanawake, watoto wachanga, Wavietnam wenyewe wanahesabu 504. Thompson akatua katikati, huku wanajeshi wenzake, huku raia wamejificha kwenye handaki, akashuka kuwatoa na akawaambia wale vijana wake wawili, hawa jamaa wakinifyatulia mimi au hawa raia, wapigeni. Bendera moja hao! Na vijana wakasimama nae, raia kama kumi hivi wakabebwa na chopa kubwa alizoziita. Wakaruka tena, wanapita juu ya mtaro umejaa maiti, Andreotta ndo akaona kitu kinacheza mle, wakatua, akaingia mwenyewe katikati ya maiti akatoka na mtoto, hai, wakamkimbiza hospitali Quang Ngai. Aliyeingia mtaroni si rubani, ni fundi.

Aliua maadui wangapi? (Pongwe)
Swali la mtu aliyelelewa na sinema. Mimi nahesabu waliotoka hai.

Colburn bado yupo?
Alifariki 2016. Thompson alitangulia 2006.

Serikali yao iliwapa nini? (Bombo)
Medali ya Askari (Soldier's Medal), ya ushujaa usio wa kupigana na adui, tarehe 6 Machi 1998, miaka 30 imepita, na Andreotta alishauawa vitani tarehe 8 Aprili 1968, wiki tatu tu baada ya My Lai, kijana wa miaka 20. Kabla ya medali hiyo Thompson alipewa nyingine yenye maelezo ya uongo, eti mtoto aliokolewa kwenye majibizano ya risasi, akaitupa. Wapo na wabunge wa kwao waliomwona yeye ndo mkosaji. Kwa hiyo mkisoma cheti cha medali, chochote, ulizeni kwanza kaandika nani.

Kuna mtu anataka laki tano ampatie dogo nafasi jeshini akasomee urubani, nitoe? (Muheza)
Usitoe hata mia! Nafasi za jeshi haziuzwi, jeshi lenyewe limetangaza mpaka limechoka, huyo ukishamtumia kesho hapatikani. Halafu mbona urubani tu, ufundi wa ndege una kasoro gani?